Si kila uvimbe wa korodani ni busha

Na Daktari Wetu

Bwana mmoja mwenye umri wa miaka 52 aliingia katika kliniki yangu hapa Nairobi Jumatatu moja akiwa amevaa koti refu la mvua, ingawa jua lilikuwa likiwaka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, miguu ameipanua, na kwa muda wa dakika kumi hivi akanieleza habari za kikohozi ambacho sikumsikia akikohoa hata mara moja. Nilipomuuliza kama kulikuwa na jambo lingine, aliinamisha kichwa, akatoa bahasha mfukoni na kuiweka mezani. Ndani yake mlikuwa na barua ya kumtaka afike hospitalini Alhamisi ya wiki hiyo ili apasuliwe busha.

"Daktari," akasema, "nataka tu unipime presha kabla sijaenda kukatwa."

Nilimpima. Presha ilikuwa chini kidogo. Kisha nikamwomba avue koti na nguo zake, na hapo ndipo nilipoona mambo ambayo barua ile haikuyataja. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Mikono ilikuwa imekonda na mifupa ya mabega kutokeza, lakini tumbo lilikuwa limejaa na kitovu kimesukumwa nje. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini. Mfuko wa korodani ulikuwa umefika ukubwa wa nazi.

Huyu hakuwa mtu wa kupelekwa kwenye kisu Alhamisi. Alikuwa mgonjwa wa ini.

Ameniruhusu nieleze kisa chake bila kumtaja jina, kwa sababu anajua kuwa wako wengine wanaoteseka kimya kama alivyoteseka yeye. Alikuwa ameuficha uvimbe huo kwa miezi mitano. Mkewe alikuwa amehamia chumba cha watoto baada ya jirani kumwambia kuwa uvimbe wa aina hiyo ni ugonjwa wa zinaa. Kazini, wenzake walinong'ona kwamba ametegwa na mume wa mwanamke fulani. Hata yule aliyemwandikia barua ya upasuaji hakumwangalia zaidi ya sehemu iliyovimba.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulizungumzie leo. Mwanamume akivimba korodani, daktari anapaswa kumchunguza mtu mzima, kuanzia machoni hadi kwenye vifundo vya miguu, kabla ya kuupa uvimbe huo jina.

Maji hutoka wapi?

Msomaji atauliza: ini liko juu, chini ya mbavu za kulia. Litafanyaje korodani zivimbe?

Ini lina kazi nyingi, lakini hapa zinatuhusu mbili. Kwanza, ini hutengeneza protini iitwayo albumini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuyazuia maji ya damu yasitoroke nje ya mishipa. Mtu mzima mwenye afya huwa na gramu 35 hadi 50 za albumini katika kila lita ya majimaji ya damu. Ini likichoka, kiasi hicho hushuka na maji huanza kuvuja.

Pili, karibu damu yote inayotoka matumboni na kwenye wengu hupitia katika ini kabla ya kurudi moyoni. Ini likijaa makovu hukakamaa, hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Damu hukwama mlangoni, kama vile matatu zinavyokwama katika Barabara ya Jogoo saa kumi na moja jioni. Shinikizo hupanda katika mishipa ya matumbo na maji hudondoka ndani ya tumbo. Figo nazo, kwa kuona damu inayozifikia imepungua, hudhani kuwa mwili umekauka. Basi huzuia chumvi isitoke kwenye mkojo, na chumvi inapobaki, maji hubaki nayo. Tumbo laweza kukusanya lita tano, lita kumi au hata zaidi.

Kutoka hapo, maji yana njia kadhaa za kufika chini. Njia ya kwanza ni ngozi yenyewe. Ngozi ya mfuko wa korodani ni nyepesi na imelegea, na iko mahali pa chini, kwa hivyo maji yaliyoenea mwilini huteremka na kutuama humo jinsi yanavyotuama miguuni.

Njia ya pili ni ya tangu utotoni. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mamake, korodani zake huanzia ndani ya tumbo, kisha huteremka hadi kwenye mfuko wake kupitia njia nyembamba ya kinenani. Kwa kawaida njia hiyo huziba. Kwa wanaume wengine hubaki tundu dogo lisilowasumbua kwa miaka 40 au 50. Siku maji yakizidi tumboni, hulipata tundu hilo na kupenya.

Njia ya tatu ni ngiri. Tumbo lililojaa maji husukuma kila upande, na pahali penye udhaifu, kama vile kitovuni au kinenani, hupasuka. Hapo utumbo, au maji, au vyote viwili huteremka.

Si pombe peke yake

Wengi wetu tukisikia ini limeharibika hufikiria chang'aa. Ni kweli kuwa pombe huharibu ini, iwe ya kienyeji au ya chupa ghali. Lakini mgonjwa wangu hajawahi kuionja. Vipimo vilionyesha kuwa ana virusi vya hepatitisi B, ambavyo huenda aliishi navyo tangu utotoni bila kujua.

Kuna sababu nyingine pia. Hepatitisi C ni mojawapo. Unene na ugonjwa wa sukari huweza kulijaza ini mafuta, na mafuta hayo yakaliletea makovu. Kwa watu wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria au katika mashamba ya mpunga ya Mwea, kichocho cha matumbo huweza kuziba mishipa ya ini na kuleta maji tumboni. Nayo nafaka iliyoota kuvu huwa na sumu ya aflatoksini, ambayo huchangia saratani ya ini. Wengi tunakumbuka mwaka wa 2004, pale sumu hiyo ilipowapata watu 317 mashariki mwa nchi na kuwaua 125 kati yao kwa kuharibikiwa ini ghafla.

Busha la kweli

Sisemi kwamba busha halipo. Lipo, na Pwani yetu inalijua vizuri. Mbu huwaambukiza watu minyoo midogo inayokaa katika mishipa ya limfu, na baada ya miaka mingi mtu hupata matende au busha. Minyoo hiyo ina tabia ya ajabu: vijana wake hujitokeza kwenye damu usiku, ndiyo sababu wahudumu wa afya huenda vijijini kupima watu wakati wengine wamelala. Mnamo mwaka wa 2002, kampeni ya kuwapa watu wote dawa za kuikomesha ilianzia Kilifi.

Mwenye busha la kweli aghalabu huwa na macho meupe, tumbo la kawaida na miguu isiyo na uvimbe, isipokuwa awe na matende. Uvimbe wake hukua polepole kwa miaka, na upasuaji ndio tiba yake. Mwanamume wa Kwale au Lamu mwenye hali hiyo asiogope kwenda hospitalini kwa sababu ya makala haya.

Hatari huja pale upasuaji huohuo unapofanyiwa mtu mwenye maji tumboni. Ini lake halitengenezi vizuri vitu vya kugandisha damu, kwa hivyo huenda akavuja damu kupita kiasi. Maji ya tumbo hutafuta tundu jipya na jeraha hukataa kufunga. Bakteria nao huipata njia ya kuingia ndani. Na hata akiponyoka hayo yote, uvimbe utarudi, kwa kuwa bomba lililopasuka liko juu nasi tunakausha sakafu.

Daktari hutafuta nini?

Uchunguzi hauhitaji mitambo mingi. Wahitaji mikono miwili, tochi, na mgonjwa aliyekubali kuvua nguo.

Kwanza mgonjwa husimama, akaombwa akohoe. Uvimbe ukisukumwa chini kila anapokohoa, huenda una mawasiliano na tumbo, na ngiri hufikiriwa. Kisha daktari hujaribu kuushika uvimbe kwa juu, karibu na kinena. Vidole vikikutana juu yake, uvimbe umeanzia mfukoni. Visipokutana, kuna kitu kinachoteremka kutoka tumboni.

Pili, hubonyeza ngozi kwa kidole kwa muda kidogo. Kidole kikiacha shimo, maji yamo ndani ya ngozi yenyewe. Uvimbe wa namna hii huwa pande zote mbili, hauna maumivu makali, na mara nyingi miguu na mgongo wa chini huwa na mashimo hayohayo.

Tatu, taa huzimwa na tochi kuwekwa nyuma ya uvimbe. Ukiwa na maji safi, hung'aa kama balungi lililoshikwa mbele ya taa. Utumbo wa mtu mzima, damu, usaha au kivimbe kigumu havipitishi mwanga hivyo.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tochi hutuambia kuwa kuna maji, lakini haituambii maji hayo ni ya nani. Maji ya busha na maji yaliyoteremka kutoka tumboni hung'aa sawasawa. Kwa hivyo kuna swali moja rahisi ambalo lazima mgonjwa aulizwe: "Je, ukiamka asubuhi uvimbe huwa umepungua?" Maji yenye njia ya kurudi tumboni hupungua mtu akilala na huongezeka akishinda amesimama.

Nne, daktari huzitafuta korodani zenyewe katikati ya uvimbe huo. Ugonjwa sugu wa ini huzifanya zisinyae, kwa hivyo mfuko waweza kuwa mkubwa na korodani zikawa ndogo. Lakini akihisi kivimbe kigumu kama jiwe, hasa kwa kijana, ni lazima saratani ya korodani ifikiriwe, hata kama hakina maumivu.

Baada ya hapo huangalia mwili mzima: macho, viganja vyekundu, vishipa vyekundu vya kifuani vilivyotanda kama buibui, matiti yaliyokua, wengu uliopanuka, tumbo lenye maji. Huangalia pia mishipa ya shingo, kwa kuwa moyo uliochoka nao huleta uvimbe wa namna hii, na kwa kawaida mgonjwa wake hushindwa kupumua akilala chali. Hupima mkojo, kwa kuwa figo zinazovujisha protini huleta picha kama hiyo, na uso huvimba asubuhi.

Picha ya altrasaundi huhitimisha mengi. Huonyesha kama ni maji, utumbo au kivimbe, na papo hapo huweza kuliangalia ini. Kisha maji kidogo huvutwa kutoka tumboni kwa sindano na kupelekwa maabara. Tofauti ya albumini kati ya damu na maji hayo ikifika gramu 11 kwa lita au zaidi, shinikizo katika mishipa ya ini ndilo linaloshukiwa zaidi, ingawa moyo nao huweza kuleta matokeo kama hayo. Ikiwa chini ya hapo, tutafute kifua kikuu cha tumbo au saratani. Chembe nyeupe aina ya nyutrofili zikiwa 250 au zaidi katika milimita moja ya ujazo, maji yameingiliwa na bakteria na dawa zianzwe siku hiyohiyo.

Kosa langu mwenyewe

Nisije nikaonekana kama ninawacheka wenzangu. Mwaka wa pili baada ya kuhitimu, nilifanya kazi katika hospitali moja ya wilaya magharibi mwa nchi. Wadini mlikuwa na mzee mkulima mwenye ini lililokakamaa, ambaye nilimfahamu vizuri kwa kuwa nilikuwa nimemtoa maji tumboni mara tatu. Jioni moja muuguzi aliniambia kuwa korodani za mzee zimezidi kuvimba upande wa kulia, na kwamba ana maumivu. Wagonjwa walikuwa wengi, nami nilikuwa na jibu tayari. "Ni maji yale yale," nikasema. Nikaandika aongezewe dawa ya kukojoza. Shuka sikuifunua.

Saa tisa usiku niliitwa. Mzee alikuwa akitapika, na uvimbe ulikuwa mgumu, umewiva, haurudi ndani. Utumbo ulikuwa umenaswa katika ngiri. Daktari wa upasuaji alipoufikia, kipande chake kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi. Mzee aliishi, lakini alikaa wadini wiki saba, na jeraha lake lilivuja maji kwa muda mrefu wa siku hizo.

Yule aliyemwandikia bwana wa koti la mvua aliona busha, hakuona ini. Mimi niliona ini, sikuona ngiri. Tulikosea namna moja: tulikuwa na jibu kabla ya kuangalia. Ugonjwa wa ini haumzuii mtu kupata ugonjwa mwingine.

Dalili za kukimbilia hospitali

Ndugu msomaji, ikiwa wewe au mtu wako ana uvimbe wa korodani, pamoja na ugonjwa wa ini au bila ugonjwa huo, usingoje asubuhi ukiona mojawapo ya haya:

Maumivu makali yanayoanza ghafla. Kwa kijana, korodani huenda imejisokota, na isipofunguliwa katika muda wa saa sita hivi yaweza kufa.

Uvimbe mgumu usiorudi ndani, pamoja na kutapika au kukosa choo.

Ngozi nyekundu, yenye joto, inayogeuka nyeusi au kutoa harufu mbaya. Kuna maambukizi yanayoozesha sehemu hiyo kwa saa chache, na huwapenda sana wenye kisukari, walevi na wagonjwa wa ini.

Homa au maumivu ya tumbo lenye maji, mkojo kupungua sana, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mgonjwa kuchanganyikiwa na kusinzia mchana.

Matibabu yake

Uvimbe uliotokana na ini hutibiwa kwa kutibu ini na maji. Chumvi ndiyo adui wa kwanza. Chumvi yote ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima. Humo imo ile ya mkate, ya supu, ya viungo vya pakiti, na ile iliyomwagwa kandoni mwa ubao wa nyama choma.

Dawa ya spironolaktoni, pamoja na furosemidi, huzisaidia figo kutoa chumvi na maji. Hizi si dawa za kujinunulia dukani. Mgonjwa hupimwa damu na uzito mara kwa mara, kwa kuwa akipunguzwa maji kwa haraka figo huumia. Kwa asiye na uvimbe wa miguu, kupungua nusu kilo kwa siku kwatosha. Tumbo likijaa kupita kiasi, maji huvutwa hospitalini, na yakizidi lita tano mgonjwa huongezewa albumini mshipani.

Pombe iachwe kabisa, hata kama siyo iliyoleta ugonjwa. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe, kwa kuwa huziumiza figo za mgonjwa wa ini. Ule ushauri wa zamani wa kuwakataza wagonjwa hawa nyama, mayai na maharagwe umeachwa; wanahitaji protini, na mlo mdogo kabla ya kulala huwasaidia.

Nyumbani, mgonjwa akilala aweke taulo iliyokunjwa chini ya mfuko wa korodani ili uinuke, na avae nguo ya ndani inayoushikilia. Ngozi ioshwe taratibu na ikaushwe. Asikubali mtu yeyote amchanje wala kumdunga sindano mtaani ili "kutoa maji." Tundu hilo dogo laweza kumuua.

Upasuaji wa ngiri au busha kwa mgonjwa wa namna hii hauharamishwi. Husubiri maji yapungue kwanza, isipokuwa utumbo uwe umenaswa, kwani hapo hakuna kusubiri.

Alhamisi ilipofika

Yule bwana hakwenda kupasuliwa. Nilimpigia simu daktari wa upasuaji, naye alishukuru na kuahirisha. Tulianza dawa za kukojoza, na tenofoviri ya kuvituliza virusi. Baada ya wiki sita uvimbe ulikuwa umepungua zaidi ya nusu. Ini lake halitakuwa jipya, na nilimwambia hivyo waziwazi. Lakini ameacha kuvaa koti la mvua, na amerudi kazini.

Kuna faida nyingine iliyopatikana. Hepatitisi B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na hata miongoni mwa watu wanaoishi pamoja, kwa hivyo niliita familia yote kupimwa. Mkewe hakuwa na virusi, na amekwisha chanjwa. Watoto wawili wadogo walikuwa wamechanjwa wakiwa wachanga, kwani chanjo hiyo iliingizwa katika ratiba ya watoto wote nchini mwaka wa 2001. Mtoto wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya hapo, alipatikana navyo. Ni kijana mwenye nguvu, hana dalili yoyote, na sasa anafuatiliwa kabla ini halijaumia. Lau babake angepasuliwa busha na kurudishwa nyumbani, kijana huyo asingejua.

Wanaume wenzangu, sehemu hizo ni viungo kama viungo vingine. Ukienda kwa daktari, mwonyeshe. Naye akikutazama hapo tu bila kuangalia macho, tumbo na miguu yako, mwombe kwa heshima aangalie. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.